Kumi ya Kibamba

"Nyumba kumi ni nyumba ngapi?"

Swali hilo niliulizwa kwenye usaili wa kazi, ghorofa ya pili ya ofisi za kampuni moja ya rangi za nyumba pale Kinondoni, na sikuweza kulijibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine kabisa. Nilikuwa na shahada ya teknolojia ya habari, na kwenye begi nilibeba vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili, nakala tatu tatu. Aliyeniuliza alikuwa fundi mkuu wa mtandao wa kampuni ile, mwanamume wa makamo aliyeshuka kutoka Mbeya zamani sana, ambaye ofisi nzima ilimwita Kaka, hata waliomzidi umri.

"Kumi," nikasema.

"Umehesabu?"

"Si jina lenyewe linasema?"

"Sijakuuliza jina. Mtaani kwenu kuna mjumbe wa nyumba kumi?"

"Yupo."

"Ana nyumba ngapi?"

Mimi, ambaye chuoni nilimdai mhadhiri ushahidi wa kila sentensi mpaka akaniomba kwa upole niwe nakaa nyuma. Mimi, ambaye nyumbani sialikwi tena kwenye vikao vya harusi tangu nilipouliza kamati ya chakula inakula vikao vingapi kabla ya harusi yenyewe. Sikuwa nimewahi kuhesabu nyumba za mjumbe wangu. Kaka akaandika kitu kwenye karatasi, akaifunika kwa kiganja. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu kwamba nimepata kazi, kwa majaribio ya miezi mitatu.

Jumamosi nikaenda kuhesabu. Nilikuwa naishi Mabibo, nyuma ya soko, na mjumbe wetu alikuwa bibi mmoja aliyekaanga vitumbua barazani kwake kila asubuhi. Nilianzia kwake, nikapanda na uchochoro, nikarudi na upande wa pili. Nikafika kumi na saba. Kwenye ya kumi na tatu kulikuwa na mbwa, kwa hiyo huenda nyuma yake kulikuwa na nyingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unazunguka zunguka unahesabu nini, unataka kununua mtaa?"

"Bibi, nyumba zako si kumi."

"Nani kakwambia ni kumi?"

"Si wewe ni mjumbe wa nyumba kumi?"

"Hicho cheo, mjukuu wangu. Watu wamejenga, sasa niende nikawaambie wabomoe ili hesabu yako itimie?"

"Mgeni akija anamtafuta mtu wa nyumba ya kumi na tano, inakuwaje?"

"Anakuja hapa. Namwonyesha."

"Na akimtafuta mtu wa ng'ambo ya mtaro?"

"Ng'ambo ya mtaro si kwangu. Huyo hata akipika pilau mie sijui."

Nikanunua vitumbua vya kujifariji, nikaondoka nikiamini nimeelewa kila kitu.

Nieleze kazi yenyewe, maana mama yangu mpaka leo anadhani nauza vocha. Kampuni ilikuwa na maduka kumi ya rangi, la kwanza Temeke na la mwisho, jipya kabisa, Kibamba. Duka likiishiwa mzigo, msimamizi wake alikaa kwenye kompyuta na kuagiza. Agizo likaonekana makao makuu Kinondoni, stoo wakapakia, gari likatoka. Mwenye kampuni, mzee wa familia ya Kihindi iliyokuwa ikiuza rangi mjini tangu enzi za babu yake, alikuwa amepiga marufuku kuagiza kwa simu. Alisema mfumo ule ameulipia, na atakayempigia simu kuomba rangi nyeupe atamjibu kwamba yeye si duka.

Ili maduka yaonane na makao makuu, kila duka lilihitaji ruta, kile kisanduku kinachouelekeza ujumbe njia ya kupita, na anwani yake kwenye mtandao. Anwani za zamani, zile fupi, zilikuwa zimetubana, ndipo Kaka akaamua tuhamie anwani za kisasa za intaneti, toleo la sita, ambazo urefu wake unazidi namba ya kitambulisho cha taifa na zimechanganywa namba na herufi. Mwanzo wa anwani ulikuwa mmoja kwa kampuni nzima. Kilichotofautisha duka na duka kilikuwa kundi moja la tarakimu nne katikati. Kazi ya kugawa makundi hayo nikapewa mimi.

"Ukimaliza kugawa," Kaka alisema, "fupisha."

"Nifupishe nini?"

"Kwenye ruta kubwa hapa ofisini, usiandike njia ya kila duka peke yake. Andika mstari mmoja unaoyabeba yote."

"Kwa nini? Mistari kumi inamwumiza nani?"

"Leo kumi. Mzee anataka kufika Morogoro, halafu Iringa, halafu anasema Mbeya, nadhani kunifurahisha mie."

"Basi tufupishe tukifika Morogoro."

"Dada," Kaka alisema, akaweka kikombe cha chai chini kama mtu anayejiandaa kunyanyua kitu kizito, "mgeni akija mtaani kwenu, anapewa orodha ya wakazi wote?"

"Hapana. Anaelekezwa kwa mjumbe."

"Mjumbe akishapatikana?"

"Yeye ndiye anajua nani anakaa wapi."

"Kunywa chai."

Ilikuwa imeniingia. Ruta kubwa ya Kinondoni haikuwa na haja ya kuyajua maduka kumi. Ilihitaji kujua jambo moja tu: kila anwani ambayo kundi lake la tarakimu nne linaanza na sifuri tatu, ipelekwe njia ya madukani. Huko mbele ingejulikana ni Temeke au ni wapi. Mstari mmoja, mjumbe mmoja. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana si desturi yangu kukubaliana na mtu kabla ya saa sita mchana.

Nikagawa. Duka la kwanza nikalipa 0001, la pili 0002, nikaendelea hivyo mpaka la tisa, 0009, na la kumi, Kibamba, nikalipa 0010. Nikaandika ule mstari wa kufupisha. Nikachapisha stika, nikabandika moja kwenye ruta ya kila duka, na sifuri zote zikiwa kamili. Kaka alisema watu wa kazi hii huwa wanaziacha zile sifuri za mbele. Nikamuuliza kwa mamlaka ya nani. Akasema bandika unavyotaka.

Kibamba nilifika mwisho. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja mrefu, mtulivu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kaunta za maduka ya wenzake miaka kumi na moja kabla ya kupewa duka lake. Aliniletea soda, akasimama akiniangalia nikifunga ruta kama anavyoangaliwa fundi anayefungua saa ya ukutani ya marehemu baba. Taa zikawaka kijani zote.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari mama."

"Haina haja ya kujaribu?"

"Taa zimewaka," nikamwambia, na nikamweleza kwa kirefu maana ya kila taa.

Jumatatu ilikuwa siku ya kikao. Mzee alikuwa na karatasi ya maagizo ya wiki, akiisoma duka moja baada ya jingine kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio.

"Mabibo?"

"Yapo, Mzee."

"Kibamba?"

Hakuna agizo. Wiki ya kwanza alisema labda hawajazoea. Wiki ya pili alisema labda hawauzi. Wiki ya tatu alivua miwani.

"Kibamba wamelala. Duka jipya, wiki tatu, hawajaagiza hata kopo. Jumatatu ijayo nisipowaona hapa," akagonga karatasi, "yule mama ananirudishia funguo. Nampa duka mtu mwingine."

Mimi nikainamia daftari langu.

Nilipotoka nikampigia mama wa Kibamba.

"Shikamoo mama. Maagizo yako hayafiki."

"Marahaba. Najua hayafiki. Nabonyeza, kinazunguka, kinazunguka, kinachoka."

"Tatizo lilianza lini?"

"Mie nilishasema la kusema, binti. Nilipiga simu ofisini kwenu mapema tu, nikaambiwa nisubiri. Nasubiri."

Nikaona ni mama mwenye kiburi kidogo. Sikumuuliza alisema nini. Kati ya maswali yote niliyowahi kuuliza na niliyopaswa kuyameza, hilo moja ndilo nililolimeza.

Siku nne zilizofuata nilimtilia shaka kila mtu. Niliwatilia shaka wanaotuuzia intaneti, nikawapigia simu mpaka sauti ya mashine ikanizoea. Niliitilia shaka kebo, nikaomba mpya. Niliutilia shaka umeme wa Kibamba, mvua ya Kibamba, panya wa Kibamba. Saa fulani, na hili naliandika kwa kuwa hakuna jina langu hapa, nilimtilia shaka mama mwenyewe, kwamba pengine anabonyeza pasipotakiwa. Kaka aliniangalia nikipita na makebo shingoni.

"Umeangalia kazi yako?" akauliza.

"Kazi yangu iko sawa. Maduka tisa yanafanya kazi."

"Aliyekuuliza habari za tisa ni nani?"

Ijumaa nikaenda Kibamba mwenyewe. Niliposhuka bodaboda nusura nisiutambue mtaa. Ukuta wa duka la nafaka ulikuwa wa pinki. Banda la chipsi lilikuwa la pinki. Mbele zaidi uzio wa kanisa, mrefu kiasi cha kuonekana kutoka barabara kuu, ulikuwa nusu wa pinki, na kijana mmoja alikuwa juu ya ngazi akiendelea na nusu iliyobaki.

Ndani ya duka, rafu zilikuwa tupu. Safu ya chini tu ndiyo iliyokuwa imejaa makopo, na yote yalikuwa ya rangi moja.

"Nyeupe iliisha wiki ya kwanza," mama akasema. "Krimu ikafuata. Kijani alichukua mwenye hoteli. Imebaki hii, sasa nifanyeje, nifunge? Nimemwambia mchungaji pinki ni rangi ya amani."

"Akakubali?"

"Ameomba siku mbili kwanza. Halafu akakubali." Akanipangusia kiti. "Wapo waliosema watasubiri nyeupe. Wengine wamekwenda kununua kwingine, na hao hawarudi. Jumatatu natakiwa na funguo, nimesikia."

Alisema bila kulia wala kulaumu, na ningependa kusema sikujisikia vibaya kuliko kama angelia. Ningekuwa naongopa.

Nikakaa kwenye kompyuta yake. Nikatuma ujumbe wa majaribio kuelekea Kinondoni, nikampigia Kaka simu aangalie upande wake, nikaweka sauti ya juu nipate kutumia mikono yote miwili.

"Umefika," Kaka akasema.

"Umefika? Mbona huku sijapata jibu?"

"Huku tumejibu. Jibu limetoka, halijafika kwako."

"Limepotelea wapi?"

"Wewe unaniuliza mie? Mgeni katoka kwako vizuri, anarudi, anauliza njia, haonyeshwi. Mjumbe hakujui."

"Mjumbe gani, Kaka? Nina kazi hapa."

"Ule mstari wako. Unao hapo? Nisomee. Kwa sauti."

Nikafungua daftari. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kifuani.

"Kila anwani ambayo kundi lake linaanza na sifuri, sifuri, sifuri, ipelekwe njia ya madukani."

"Vizuri. Sasa nisomee stika ya Kibamba."

Nikainama kwenye ruta.

"Sifuri," nikasoma. "Sifuri."

Nikaifuta stika kwa kidole.

"Endelea dada, salio linakwenda."

"Moja," nikasema. "Sifuri."

Kwenye simu nikasikia kikombe cha chai kikiwekwa mezani. Nyuma yangu mama akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa ameishika kwa wiki tatu.

"Ehee," akasema.

Kibamba ilikuwa ng'ambo ya mtaro. Maagizo yalikuwa yanatoka dukani na kufika salama Kinondoni, lakini kila jibu lilipotaka kurudi, ruta kubwa iliangalia tarakimu tatu za mwanzo, ikaona sifuri mbili na moja, ikasema huyu si wetu. Na mfumo usipopata jibu kutoka upande wa pili, agizo unalitupa.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kwamba jambo lenyewe nalijua. Katika anwani hizi hatuhesabu kwa kumi. Tunahesabu kwa kumi na sita. Baada ya tisa haiji 10. Inakuja a, kisha b, mpaka f, ndipo unafika 10, na hapo tayari umefika kumi na sita. Nililisoma mwaka wa pili, nikalifanyia mtihani, nikapata alama ya juu, nikabishana na mhadhiri kwa nini herufi ziishie f. Duka la kumi nilipaswa kuliandika 000a, sifuri tatu mbele, ndani ya mstari kabisa. Lakini nilipofika kwenye duka la kumi mkono wangu uliandika kumi kama ulivyofundishwa chekechea, na mimi ninayehoji kila kitu sikuihoji kumi.

"Unalirekebishaje?" Kaka akauliza, na kwa sauti yake nikajua anajua kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa kuupanua ule mstari. Ningeweza kuuambia uchukue kila kinachoanza na sifuri mbili badala ya tatu. Kibamba ingeingia papo hapo, stika ingebaki ilivyo, na hakuna ambaye angejua. Ila mstari huo ungekuwa unadai mamia ya anwani ambazo hazina duka hata moja, pamoja na zile Kaka alizoziweka kando kwa ajili ya ghala la Morogoro. Tungekuwa na mjumbe anayejibu "ndiyo, wangu" kwa kila mgeni, kisha anampeleka kwenye kiwanja kitupu. Njia ya pili ilikuwa kubadili anwani ya duka, kubandua stika, na kueleza Jumatatu kwa nini.

Nakiri niliifikiria ya kwanza kwa muda wa kutosha kumaliza soda.

"Nabadilisha kuwa a," nikasema.

"Haya," Kaka akasema, akakata.

Dakika kumi hazikuisha, anwani mpya ikawa imeingia. Mama akakaa kwenye kompyuta, akaandika agizo kwa kidole kimoja, polepole: nyeupe, krimu, kijani. Akabonyeza. Kinondoni wakajibu. Aliliangalia lile neno "limepokelewa" kama vile lina mlango ambamo mtu mwingine atatokea. Kisha yeye mwenyewe akabandua ile stika yangu, akaitupa kwenye ndoo ya matambara.

Jumatatu Mzee akasoma mahudhurio. Alipofika Kibamba akasimama.

"Kibamba wameamka," akasema.

Hapo ningeweza kukaa kimya, funguo zilikuwa zimeshapona. Lakini alikuwa na kalamu mkononi, na pembeni ya jina la yule mama alikuwa ameandika "mvivu", nililiona kutoka nilipokaa.

"Shikamoo Mzee. Kibamba hawakulala. Niliwaandikia anwani vibaya. Niliandika kumi, na kumi kule ni kumi na sita."

Mzee akavua miwani.

"Kumi ni kumi na sita?"

"Kwenye anwani hizi, ndiyo Mzee."

"Na kumi yangu mimi? Ile ya siku zote?"

"Inaitwa a."

Akamgeukia Kaka. "Huyu anaumwa?"

"Hapana Mzee. Anasema kweli."

"Miaka yote ninauza rangi," Mzee akasema, "nimeuza kumi, nimenunua kumi, hakuna mtu amewahi kuniletea a." Kisha akalikata lile neno pembeni ya jina la mama kwa mistari miwili, akaandika jingine chini yake, ambalo sikuweza kulisoma. "Mama anabaki na duka lake. Mzigo wake uende leo, gari la kwanza. Na wewe binti, majaribio yako yanaongezwa miezi mitatu. Mitatu ya kwangu, ile ya kuhesabu kwa vidole."

Nilikaa kazini pale zaidi ya miezi hiyo. Kibamba ikawa duka zuri, ingawa uzio wa kanisa umebaki pinki, kwa sababu waumini wameuzoea.

Miaka miwili baadaye ofisi ilihamia jengo jingine, nikapangiwa kufungasha makaratasi ya mapokezi. Humo mlikuwa na daftari la mahitaji, lile ambalo dada wa mapokezi aliandika chochote kisicho rangi ambacho duka linaomba kwa simu, kalamu, risiti, mifagio, kisha akampelekea mtunza stoo ajibu. Nilikuwa nafunua tu, natafuta kurasa tupu. Kwenye tarehe ya siku ya pili tangu nifunge ruta Kibamba, dada alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa kulala: "Kibamba wanasema wenzao wana sifuri tatu, wao wamepewa mbili. Wanaomba waongezewe sifuri moja."

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mtunza stoo alikuwa amejibu: "Stoo hakuna. Wasubiri."